Emery Nduwayo na Kiti Alichomwekea Fiona

Ndugu yetu Emery Nduwayo, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 mkoani Rutana, Burundi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Gabriel na marehemu Mama Consolata. Mwaka 1972 mama yake alimbeba mgongoni wakavuka kukimbilia Tanzania kama wakimbizi. Mdogo wake, Adrien, alizaliwa huko huko Kigoma.

Alisoma shule ya msingi wilayani Kasulu, akamaliza darasa la saba mwaka 1982. Hakuendelea, kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kumsomesha. Alipenda hesabu na kuimba. Kuimba aliendelea nako mpaka mwisho, hesabu aliziacha shuleni.

Alianza kazi akiwa utingo wa lori la chumvi kutoka Uvinza, kisha akawa dereva. Mwaka 2005 alikuja Johannesburg kutafuta maisha, akapanga chumba katika mtaa huu wa Yeoville. Kazi yake hapa ilikuwa kuhamisha watu. Wengi mliokaa hapa leo, makabati yenu na vitanda vyenu vilipita mikononi mwake. Alikuwa akifunga kioo cha mtu kwa blanketi lake mwenyewe.

Alifunga ndoa na Spès Nizigama tarehe 19 Juni 1999. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Fiona, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 2000. Emery alipokuja huku, aliwaacha Kigoma akisema atawaita. Kabla hajawaita, wakimbizi wa pale waliandikwa majina ya kupelekwa Marekani. Siku ya kuandikwa, yeye alikuwa Yeoville, amebeba friji la mtu. Spès na Fiona walipanda ndege mwaka 2008. Spès alifariki huko mwaka 2017, na Emery hakuweza kwenda kumzika. Siku ile alikaa chumbani, amevaa suti tangu asubuhi, mpaka mdogo wake Adrien, aliyekuwa amemfuata huku, alipokuja kumwambia kwamba huko wameshamaliza. Hakuoa tena.

Mwaka 2019 Fiona alipata kazi katika kiwanda cha magari ya Tolliver huko Marekani. Kazi yake ni kushona viti. Baba yake alitembea Yeoville nzima akitangaza habari hiyo, yeye ambaye kwa kawaida salamu tu ilikuwa inamtosha.

Wakati ule, kwenye barabara ya Louis Botha, kulikuwa na bango kubwa la bakkie ya Tolliver, ile pikapu kubwa, imesimama juu ya mlima na bendera ya Marekani nyuma yake. Bango lilisema gari hili limezaliwa Marekani, haliombi msaada, na kuanzia bolti hadi mshono ni kazi ya mikono ya Kimarekani. Emery alisimama chini ya bango lile mpaka Adrien akaona aibu.

"Twende, kaka. Watu wanatutazama."

"Mshono, Adrien. Wameandika mshono."

Tangu hapo hakutaka gari lingine. Aliweka akiba, na mwaka 2021 akanunua Tolliver iliyotumika kidogo, nyeupe. Mwenye gari wa kwanza alikuwa akiendesha peke yake, na kiti cha abiria kilikuwa bado kimevaa nailoni ya kiwandani. Emery hakuitoa. Alisema hakuna mtu atakayekaa juu ya mshono wa binti yake. Mwenye mzigo alikaa nyuma na mzigo wake.

Mama Zubeda, fundi cherehani wa Rockey Street, yupo hapa na atasema kama ni uongo. Siku alipohamishwa duka alimwambia, "Yaani mimi na cherehani yangu tukae nyuma kama mbuzi, na kiti kikae mbele peke yake kama bwana harusi?"

"Nisamehe, dada. Kina mwenyewe."

Walipofika Bezuidenhout Valley mvua ilikuwa imenyesha, gari likazama kwenye tope. Wanaume sita walisukuma. Mama Zubeda alikuwa juu ya mzigo, ameshika mwavuli, anapiga kelele, "Eish, Mzee Emery! Si wamesema haliombi msaada? Mbona linatuomba sisi?" Emery alicheka mpaka akashika usukani kwa mikono miwili.

Krismasi ya mwaka 2022 Fiona alipiga simu ya video. Baba yake alishuka mpaka barabarani kumwonyesha gari. Adrien ndiye aliyeshika tochi. Fiona alisema, "Baba, sogeza simu hapo pembeni ya kiti. Hapo." Akasogeza uso karibu na simu. "Baba, hiki siyo chetu. Sisi tunashona mistari miwili, hapo upo mmoja. Na vya kwetu haviji huko. Magari ya huko yanaundwa huko huko, karibu na Pretoria."

"Bango linasema Marekani, mama."

"Bango halijui kushona, Baba."

Walicheka wote wawili. Simu ilipokatika Emery aliingia ndani ya gari, akakaa upande wa dereva. Baadaye alisema, "Pretoria. Juzi tu nimepeleka kabati huko."

Adrien alidhani sasa nailoni itatolewa na watu watakaa. Miezi ilipita, nailoni ipo. Akamwambia, "Kaka, si ameshasema siyo yeye aliyeshona?"

Emery alijibu, "Ndiyo. Lakini atakuja siku moja, na atahitaji mahali pa kukaa."

Mwezi Januari mwaka huu wa 2025 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari walisema ni moyo. Aliendelea kuendesha mpaka Aprili, kisha akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Fiona alikuwa ameshakata tiketi ya Julai. Baba yake aliulizia mara nyingi kama gari limeoshwa. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni, saa nane mchana, mdogo wake akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Fiona alifika Alhamisi iliyopita. Adrien alimpokea uwanja wa ndege kwa gari la baba yake, akamfungulia mlango. Fiona aliitazama ile nailoni, akauliza, "Hiki ndicho?" Akaambiwa ndicho, na kwamba hakuna aliyewahi kukikalia. Aliichana nailoni kwa mikono yake, akapitisha kidole juu ya mshono, taratibu, kuanzia juu mpaka chini.

"Aliyeshona hapa ameshona vizuri," alisema.

Kisha akapanda, akakaa, akafunga mkanda. Asubuhi ya leo amekaa hapo tena, na baba yake nyuma, mpaka hapa makaburini.

Marehemu ameacha binti yake Fiona, mjukuu wake Elisée, mtoto wa Fiona, ambaye hakuwahi kumshika mkononi, mdogo wake Adrien, na majirani wa Yeoville waliomwita mzee wao.

Mungu ampokee Emery, amfungulie mlango, na ampe mahali pa kukaa kwa amani.