Mafungu ya Maman Domitille, na Lile Lenye Jina Langu

Mnisamehe, wenzangu wa Mfuko wa Majirani. Wasifu huu ulipaswa kusomwa tarehe 30 Juni 1988, siku Maman Domitille alipoingia pension baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi. Sasa tuko Septemba. Nina mtoto wa miezi mitano anayenyonya, lakini si yeye aliyenichelewesha. Nilichelewa kwa sababu fungu la mwisho alilofunga Maman Domitille lina jina langu, na ndani yake mna vitu vya watoto wawili. Mimi nina watatu. Nilitaka kwanza kujua niseme nini juu ya jambo hilo. Sasa ninajua, na nitalisema. Lakini tuanze na heshima yake.

Kwenye karatasi za serikali anaitwa Citoyenne Nabintu Cirezi. Hapa kwetu tumeendelea kumuita Domitille, na ingawa serikali ilikataza majina ya Kikristo, hakuna aliyekuja kutufunga. Alianza Aprili 1966 kama mfuaji. Nguo walizoleta watoaji kwa ajili ya wenye shida alizifua, akazishona mahali palipopasuka, akazipiga pasi ya makaa. Mwaka wa 1971 akapewa ufunguo wa chumba cha zawadi, na tangu siku ile ufunguo ulilala shingoni mwake.

Ni yeye aliyefundisha mtaa wetu wote wa Kadutu namna ya kutoa. Mtu akileta shati lisilo na kola, alimrudishia palepale mlangoni: “Baba, wewe mwenyewe unaona haya kuivaa. Unataka mwenzako avae haya yako?” Na mama akija kusema hana chochote cha kutoa, yeye alimuuliza, “Siku ya kesho mikono yako iko na kazi gani?” Kesho yake mama huyo alikuwa uani, anafua blanketi pamoja naye na kucheka. Alishuka mpaka Luberizi, bondeni, kuongea na wakulima wa mpunga, na kila mavuno wakatutengea magunia. Mtoaji hakuambiwa zawadi yake imeenda kwa nani. Alipata tu karatasi ndogo yenye mwandiko wa Maman Domitille: Sufuria yako imefika. Wengine wamezitunza karatasi hizo ndani ya kitabu cha misa.

Mahali pengine mtu anaomba kwanza, ndipo anatafutiwa. Kwa Maman Domitille fungu lilitangulia. Kila Ijumaa asubuhi alifunga mlango, akatandika mezani vitu vyote vya juma lile, akavitazama mpaka vingine vianze, kama alivyosema, kuitana. Vile vilivyoitana alivifunga ndani ya kitenge kimoja, akabandika jina kwa pini, akapandisha kwenye etajeri, rafu ya ukutani. Jina la mtu ambaye hakuomba kitu. Jina la mtu ambaye, siku ile, hakukosa kitu.

Wote mnakumbuka habari ya Placide, mchimbaji wa Kamituga. Kuna mtu alituletea kiatu kimoja tu, cha kushoto, na tulifikiri ni mzaha. Juma lilelile likaingia gongo la kutembelea. Maman Domitille akavifunga pamoja, akaandika Placide. Jumapili ile tulimuona Placide kwenye ndoa ya binamu yake, anacheza mpaka jasho linamchuruzika, miguu yote miwili. Baada ya majuma sita shimo lilimuangukia. Alipokuja kwetu, mguu uliobaki ulikuwa wa kushoto. Kiatu kilimkaa sawasawa.

Si mara zote ilikuwa machozi. Mwalimu Marcellin aliposikia kuna fungu lake, alikuja mbio, akaona abakosti, ile suti isiyo na tai, nyeupe, mpya kabisa. Akashika ukuta.

“Maman, hii iko ya sanduku la maiti?”

“Sijui, mwalimu. Ijaribu kwanza.”

“Mimi siijaribu! Nikiijaribu nitalala ndani yake!”

Akaondoka anajifanyia ishara ya msalaba mpaka barabarani. Baada ya miezi mitatu alirudi kuichukua, amenyoa ndevu, na mchumba wake Sophie yuko nje anamsubiri. Tulicheka mpaka Papa Edouard, mlinzi wetu, akakaa chini.

Papa Edouard ndiye aliyepata taabu. Wamama wakitoka sokoni walipita dirishani na kumuita kwa sauti ya chini, “Papa, tazama kama niko pale juu.” Naye alijibu, “Hauko, mama. Rudi upike.” Walimpenda Maman Domitille, walimletea ndizi na visamaki vya sambaza, lakini hakuna aliyependa amtazame muda mrefu.

Siku ya kumuaga tulikunywa vinywaji vitamu, tulikula mandazi, na watoto wangu walikuwepo. Alinivalisha ufunguo shingoni mbele ya watu, niendelee na kazi yake. Ulikuwa wa moto, kama umetoka jikoni. Watu walipotawanyika, niliingia kupangusa etajeri, na pale juu palikuwa na fungu moja tu. Mama Noëlla: ndiye mimi. Sheria yetu ni kutolifungua fungu la mtu. Mimi ni mama, nililifungua.

Sufuria. Blanketi kubwa moja, ndogo mbili. Sahani ndogo mbili. Sweta ya msichana, na kofia ya sufi ya mtoto mchanga. Noëlla, mkubwa wangu wa miaka saba, aliivaa sweta bila mimi kumwambia, na ilimtosha kama aliyepimwa. Kofia ilimtosha Alphonse. Cyprien, wa katikati, wa miaka mitatu, alitazama ndani ya kitenge, akakikunguta, akaniuliza, “Mama, na yangu iko wapi?”

Nilifunga kila kitu tena. Jumatatu nilileta sweta ya Cyprien mwenyewe, ile ya zamani, nikaitia ndani na kukaza fundo. Jumanne niliikuta mezani, nje ya fungu. Fundo lilikuwa lilelile langu. Sweta ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi, bado ina joto. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

Ndipo nilipoenda kwake, Bagira, baada ya misa. Aliniwekea kiti, akamshika Alphonse.

“Maman,” nikamwambia, “fungu linaleta jambo, ao linalifuata?”

“Miaka kumi na saba mimi najiuliza vilevile, mwanangu.”

“Ulimsahau Cyprien wangu?”

“Sikumsahau. Nilifunga vile vilivyoitana. Sikuwa na cha kwake mezani.” Halafu akasema, “Unamukumbuka Valérie, mujane wa Luberizi? Fungu lake lilikuwa na sahani moja. Mutoto wake alikuwa amepotea na kamyo la mizigo, miezi minne. Mutu mumoja wa Kalehe alikuja kutuletea maharagwe, akaona sahani ile, akasema haipendezi kula peke yake kila siku, akaongeza ya pili. Fungu halikuitoa. Valérie alipokuja, ni mutoto huyohuyo, amerudi, ndiye aliyemubebea fungu.”

“Basi niongeze nini?”

“Wewe hapana. Mimi pia hapana. Sisi tunafunga tu. Inatakiwa itoke kwa mwenye kutoa.”

Sikulia. Nilimchukua mtoto wangu, nikamshukuru, na nikaanza kuandika.

Maman Domitille, Mfuko unakushukuru. Watu wengi wa mji huu walifunikwa na blanketi ambazo mikono yako ilizikunja kabla baridi haijawafikia. Sisi tulioshindwa kukutazama machoni tunakuomba msamaha. Upumzishe mikono sasa. Ukae na wajukuu, ule sambaza ukiwa umekaa, na Ijumaa zako ziwe siku kama siku nyingine. Mungu akulinde kwa miaka mingi.

Nanyi wasomaji, watoaji wetu wa Bukavu, wa Kalehe, wa bonde la Ruzizi: mvua zimeanza, na nyumba yetu iko chini ya kilima kinachoporomoka mvua ikizidi. Nimeshawahamishia watoto kwa dada yangu Monique, lakini fungu halikusema kama hatari ni kilima. Liko bado kwenye etajeri. Linakosa vitu hivi, na ninaomba vitoke mikononi mwenu, kila kimoja kwa mtu wake, vipokelewe na Papa Edouard mlangoni:

blanketi ndogo moja;

sahani ndogo moja, na kikombe chake;

sandali za mtoto, namba (pointure) 24;

sweta ya mvulana wa miaka mitatu. Rangi yoyote. Lakini mchague kubwa kidogo, mikono ipite vidole, apate kukulia ndani yake.