Kisu Kilikuwa Kimefika Kichwani

Sabato njema, ndugu zangu! Bwana ni mwema, na mbele yenu nasimama mtu ambaye angekuwa kaburini.

Wengi mnanijua. Niliacha shule mapema nikazunguka: nimepakia ndizi Nyakoe, nimechonga mawe, nimekaa kila mahali na sijatulia popote. Kisha kichwa kikaanza. Ndugu zangu, yale maumivu! Kama msumari unaogeuzwa ndani ya mfupa. Nilipopapasa utosini nikapata mahali palipobonyea. Kikohozi kikavu nacho kikanishika. Nilimwomba Mungu akiondoe hicho angalau, nipate usingizi. Hakukiondoa.

Nikarudi kwa mama, kule kijijini Nyamarambe. Baba mdogo akasema nilipigwa huko nilikozurura, damu imelala ndani. Akamwita omobari, yule mpasuaji wetu wa kienyeji anayefungua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa. Mama alilia, lakini akachemsha maji.

Nilipoketishwa, nikamuuliza huyo mzee wa kisu anakwangua mpaka wapi, na atajuaje pa kuachia.

"Huyu amekuja kupona au kujifunza kazi?" akasema. Watu wakacheka.

Kisu kikagusa ngozi. Nikakohoa. Akasubiri, akagusa tena. Nikakohoa mpaka nikaanguka kwenye majani ya mgomba waliyonitandikia.

"Mtibuni kikohozi kwanza!" akafoka. "Kichwa kinachoruka mimi sikishiki."

Kauli hiyo tu ndiyo iliyonifikisha hospitali, Kisii. Wakapiga picha ya kifua, kisha ya kichwa. Wakakata kinyama shingoni wakakipima. Si TB, si saratani. Ugonjwa wenyewe unaitwa sarkoidosisi: mwili wenyewe unaotesha vinundu, na vyangu vilikuwa mapafuni na kwenye fuvu, vikila mfupa. Daktari akanionyesha picha ya fuvu langu lenye matundu.

"Nani alikutoboa?"

"Hakuna, daktari. Mzee wa kisu ndiye alikuwa anataka kuanza."

Akaweka kidole kwenye tundu moja. "Hapa hakuna mfupa wa kukwangua. Kisu kingepita moja kwa moja."

Sijapona, ndugu zangu. Dawa zimenivimbisha uso, mashimo bado yapo, na kuna siku siwezi kuinuka kitandani. Lakini niko hai kwa ombi ambalo Mungu alikataa! Mshukuruni pamoja nami, na mmtegemee hata anaponyamaza.

Na kama kuna mtu hapa anaumwa kichwa, na kwao wameshamtafuta mzee wa kisu, anione nje baada ya ibada. Jumatatu naenda kliniki. Tutaenda wote.