Madirisha ya Bi Zuleikha binti Ameir wa Kiegeani

Sifa zote njema ni za Mola, aliyetupa na aliyetwaa. Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Awadh bin Ameir, kaka wa marehemu, na nimetakiwa niyasome maisha yake. Nivumilieni, maana uso wangu leo sijui niuweke wapi.

Marehemu Bi Zuleikha binti Ameir alizaliwa hapa Kiegeani mwezi wa Mfungo Sita, mwaka 1870, akiwa wa pili na wa mwisho kwa mama yetu.

Alisoma chuoni kwa Mwalimu Shaibu, akahitimu Kurani akiwa na miaka kumi na mmoja. Siku moja aliifumua pembe ya mkeka wa mwalimu apate kuona ulivyoanzwa. Mwalimu akamwambia, "Hutoki hapa mpaka uurudishe." Aliurudisha, na pembe ile ikawa nzuri kuliko zile tatu. Tangu hapo kazi yake ikawa mikeka.

Mwaka 1889 aliolewa na Bwana Hemedi bin Iddi, mvuvi wa Juani, wakajaliwa binti mmoja, Arafa.

Mwaka 1901 aliazimia kujenga nyumba ya wasusi katika kiwanja alichorithi kwa baba, yeye na jamaa zake na wajane watano waishi humo na kazi waifanye humo humo. Karatasi hakuwa nayo. Aliichora kwa ukili, ule mshipi mrefu unaosukwa kabla ya kushonwa kuwa mkeka, akiutandaza mchangani: vyumba huku na huku, chumba kisichoingia jua ili majani ya ukindu yasikauke, na katikati ukumbi wa pima kumi, ukili unyooke bila kukunjwa. Madirisha aliyataka yaelekee uani, yaanzie shubiri moja tu kutoka sakafuni.

Nilicheka. "Zuleikha, madirisha magotini? Watu watasema Awadh kajenga banda la mbuzi!"

"Kaka, kaa chini kwanza uone."

"Nikae chini na kanzu hii?"

Kuuliza si ujinga, wazee wangu, na mimi hata kuuliza sikuuliza. Kuta zilipokwisha kusimama alikwenda Juani kukata ukindu, akaniachia ujenzi, nami nikamwamuru fundi Matano ayazibe madirisha yale, atoboe mengine juu, usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama, kama nyumba za watu wa heshima. Aliporudi aliipapasa chokaa mbichi, akaniambia, "Ahsante kaka kwa taabu yako." Nami nikavimba kichwa. Mumewe naye alinistahi.

Kiangazi walisukia uani. Masika yakija waliingia ndani, na mchana kweupe wakawasha vibatari. Bi Mize, mmoja wa wale wajane, alikuja kwangu. "Shikamoo Bwana Awadh. Tuzibulie japo dirisha moja, macho ya Bi Zuleikha yanakwisha." Nilimjibu kwamba nyumba iliyokwisha kujengwa haitobolewi, ni nuksi. Uongo mtupu! Niliogopa watu waseme Awadh kakosea. Wasusi wakaondoka mmoja mmoja, akabaki Mize. Macho ya marehemu yakaingia ukungu, na mwaka 1909 yakazima kabisa. Watu waliponiuliza, nilisema ndivyo ukoo wetu ulivyo. Ukoo wetu hauna kipofu mwingine, nanyi mnajua.

Aliendelea kusuka kwa vidole. Ramadhani iliyopita alishikwa na homa ya kifua, na Jumatatu, tarehe 15 Septemba 1913, alfajiri, akafariki mikononi mwa Arafa.

Siku ile tulipotoka makaburini, wanaume tuliingia kusoma Kurani ukumbini mwake. Miaka yote nikienda pale niliwekewa kiti. Safari hii nilikaa chini, juu ya mkeka wake, nikafungua msahafu. Ilikuwa saa sita mchana, na herufi sikuziona. Mwanga wote ulikuwa ukutani, juu ya vichwa vyetu.

Fundi Matano, nakuona hapo nyuma. Tukimaliza dua, shika tindo, ukayazibue yale ya chini.

Marehemu ameacha mume, binti yake Arafa, wajukuu wawili, Bi Mize aliyemshika mkono mpaka mwisho, na kaka mmoja ambaye aliambiwa akae chini, akakataa.

Apumzike kwa amani, na Mola amfungulie kaburini mwake dirisha la peponi, chini kabisa, usawa wa pale alipolala. Semeni amina.