Simu Iliyofungiwa Kabatini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa dini, watumishi wenzangu, nanyi ndugu mliopanda kutoka Endasak. Wazee wangu, shikamooni.

Leo ninastaafu, na mmenisifu kwamba katika miaka thelathini na moja ya uuguzi sikuwahi kukiuka agizo. Ni kweli. Naomba niwaeleze utii huo ulitufikisha wapi.

Wengi mnamkumbuka Violeth, binti aliyekuja zahanati yetu akisomea shahada ya uzamivu ya kompyuta. Programu za kutambua nimonia kwa kusikiliza pumzi za mtoto zilikuwapo tayari, ila zilitegemea mitambo mikubwa ya mbali na mtandao usiokatika. Miaka mitatu Violeth aliipunguza ukubwa programu hiyo, akiipima tena na tena kama bado inasikia sawasawa, mpaka ikaenea kwenye simu ya kawaida isiyo na bando la intaneti. Alitembea kwa miguu kijiji kwa kijiji akirekodi vifua vya watoto wetu.

"Mama Mectilda," aliniambia, "hii haimsubiri mtu wa mbali."

Tuliomba kibali. Wakubwa wakacheka: kitu kidogo hivyo kitafanya kazi gani? Ikaletwa mashine mpya yenye programu ya wafadhili, ya kutegemea mtandao, tukapiga nayo picha. Nikaagizwa kuifungia simu ya Violeth kabatini, na nisianze dawa ya nimonia wala kuita gari la wagonjwa bila jibu la mashine mpya. Nikatii.

Mwezi wa nne mvua iliangusha mnara wa simu. Asubuhi Gidabuday akaingia na mwanawe Yonas, wa miezi saba, mbavu zikibonyea kila akivuta pumzi.

"Nesi, inasemaje?"

"Inatafuta mtandao, baba."

Aliniuliza hivyo mara ngapi? Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu. Saa tisa alasiri Yonas alifia mikononi mwa baba yake.

Violeth alikuja msibani. Aliniuliza neno moja tu: "Simu ilikuwa na chaji?" Nikamjibu ndiyo. Hakurudi tena, yuko nje ya nchi, hapokei simu zangu, na simlaumu.

Mheshimiwa, kibali cha programu yake mmenikabidhi leo, kina mhuri mzuri, kimechelewa miezi kumi na mmoja. Cheti cha utii mlichonipa pamoja nacho naomba mkichukue. Gidabuday amekaa pale nyuma. Hamkumwalika; nimemwita mimi. Nawashukuru kwa kuniacha niseme hadi mwisho. Sasa naomba mmoja wa meza kuu ashuke, akampe pole.