Aliyekunywa Kwanza: Maisha ya Marehemu Fundi Bomba

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mdogo wake marehemu anawasomea maisha ya kaka yake, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Kikombe, wala yeye hakuchukia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952 katika kijiji hiki, kitongoji cha bondeni, akiwa kifungua mimba kati ya watoto watano, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1961 hadi 1967, kisha chuo cha ufundi, na mwaka 1973 akaajiriwa mjini na idara ya maji kuwa fundi bomba, kazi aliyoipenda hadi mikono yake ikawa inanuka kutu hata siku ya harusi yake.

Harusi hiyo ilikuwa tarehe 17 Juni 1978, wakajaliwa wavulana wawili na binti mmoja. Desemba 1986 alikuja likizo, na kwa kuwa mkewe alikuwa na mtoto mchanga, alishuka mtoni mwenyewe, akachota ndoo mbili za maji maangavu kabisa, akawanywesha wanawe kwa mkono wake, na kipindupindu kikawachukua wote wawili ndani ya siku tatu, akabaki binti, aliyepona kwa sababu alikuwa bado ananyonya.

Familia haioni sababu ya kuficha, tangu hapo marehemu aliishi kwa hofu, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aliomba uhamisho arudi kijijini, akaandika barua za kuomba kisima miaka sita bila kuchoka, hadi tarehe 2 Novemba 1993 kisima cha mita sitini na mbili kilipotoa maji, na tangi likajengwa pale juu mlimani. Sisi tulishangilia, yeye akachukua ufunguo wa koki kuu, akaweka sharti kwamba hakuna atakayekunywa kabla yake, na kila saa kumi na moja alfajiri alitia dawa ya kusafisha maji, akanywa kikombe kimoja, akakaa kwenye ngazi ya tangi akilisikiliza tumbo lake saa nzima, ndipo akafungua. Mganga wa zahanati alimweleza kwamba ugonjwa ule haujitokezi kwa saa moja, naye akajibu, "Najua, daktari, lakini hiyo ndiyo saa niliyonayo."

Mara mbili alifunga maji bure, tukamcheka. Mara ya tatu, tarehe 20 Aprili 2009, baada ya mafuriko, alikunywa, akasema maji yamebadilika ladha, akafunga, na siku ya pili tukapanda na mitarimbo kuvunja kufuli, msomaji wa historia hii akiwa mbele, tukamkuta ameikumbatia koki, anatapika. Maabara ilionyesha maji ya vyoo yameingia kwenye bomba lililopasuka, na sisi wa mitarimbo ndio tuliotangulia kumjulia hali wodini, macho chini.

Februari mwaka huu saratani ya koo ilimzuia kumeza, tukawa tunampandisha kwa toroli, analowesha ulimi na kutema, na hofu yake ikawa moja tu, nani atakunywa kwanza. Alimwomba binti yake, ambaye sasa ni mwalimu na mama wa watoto wawili, naye akakataa, akasema anaogopa, marehemu hakumlaumu, akauweka ufunguo chini ya mto wa kulalia, hadi alipofariki juzi Jumanne saa nane mchana. Jana koki haikufunguliwa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotuletea maji ya mvua mliyoyaweka akiba, na wafanyakazi wenzake wa idara ya maji. Inamshukuru pia binti yake, ambaye leo alfajiri alichukua ufunguo, akanywa kikombe kile, akakaa kwenye ngazi, nasi tukasimama na ndoo tupu saa nzima tukimtazama.

Kaka, saa imetimia, mwanao mzima, na maji yanatoka. Pumzika kwa amani.