Fundi Aliyekataa Kusaini Koili Arobaini

Baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na maonyo matatu ya maandishi, fundi wetu wa kuvuta waya anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini.

Alianza kwa kufagia karakana, akapanda hadi msimamizi wa uvutaji, cheo alichokishika huku wakurugenzi watano wakija na kuondoka. Tunamwita Babu Chembe. Hata kwenye harusi ya bintiye aliwaeleza wakwe kwamba aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ni chembechembe zilizoshikana, na waya ukivutwa ukiwa baridi kupitia tundu jembamba, chembe hizo hurefuka na kubanana. Waya unapata nguvu, lakini hauvumilii tena kukunjwa, ndiyo maana kila baada ya mivuto michache hupumzishwa kwenye tanuri. Wakwe walimsikiliza kwa adabu mpaka chakula kikapoa.

Mwaka juzi menejimenti ilirudi kutoka semina ikiwa imegundua kwamba kupumzisha waya ni uvivu, ikaliondoa tanuri kwenye ratiba. Uzalishaji ukapaa, keki ikakatwa. Waya wenyewe ni ule ambao hospitali hufungia mifupa iliyovunjika. Fundi alikunja kipande kimoja kwa vidole, kikakatika, akagoma kusaini kwamba koili arobaini, yaani mizingo ya waya huo, ziko salama. Alikuwa amebakiza miaka miwili tu, na aliambiwa waziwazi kuwa unga wake utamwagika. Mama watoto alimsihi asaini, wale pensheni yao kwa amani. Hakusaini.

Mimi wa maabara nilikata kipande, nikakisugua hadi kikang'aa, nikakiweka chini ya hadubini. Chembe zilikuwa zimenyooka kama nyuzi, na kati yake nyufa tele. Menejimenti ilipoziona picha, tanuri likawashwa kimyakimya. Meneja akatunukiwa cheti cha ubora, na aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa fundi, maana roho yake haina kinyongo.

Wiki hii ratiba mpya imebandikwa ubaoni, na tanuri halimo tena. Barua iliyoambatana nayo imeniteua mimi kusaini badala ya fundi. Naogopa, sifichi, nimebakiza miaka kumi na tisa nistaafu, na nina watoto wa kusomesha.

Asante, Babu Chembe, kwa kila koili uliyoikataa. Wenzako wote tunakuombea afya tele na usingizi mzito wa mchana. Jumatatu asubuhi wataniletea kalamu. Sitasaini.