Bunduki ya Kumpiga Pongo wa Njura

Nilikuwepo. Hii si habari ya mtu aliyeambiwa na mtu. Mimi mwenyewe nilikalia benchi lile, ubao wenye mguu mmoja mfupi uliotegemezwa kwa jiwe, mbele ya kibanda cha kahawa cha Teresia pale Kibugu, mahali barabara ya malori ya majani chai inapokata kushuka mtoni. Ilikuwa enzi zile serikali bado inampa mtu leseni ya kuwinda, na ukungu wa msituni ulishuka hadi ndani ya vikombe vyetu. Kila neno nililisikia kwa masikio haya mawili, na nisilolisikia nililiona.

Mwenye shida siku hiyo alikuwa Njura. Maharagwe yake ya kando ya msitu yalikuwa yanaisha, mstari baada ya mstari, kila kukicha, na ilisemekana anayeyala ni pongo, yule paa wa msituni. Mkewe, Wanjira, alishasema neno lake: maharagwe yakimalizika, anafunga nguo zake anarudi kwa mama yake, na kijiji kizima kitajionea kama Njura anajua kuwasha moto. Bahati nzuri Njura alikuwa na binamu huko Mitunguu, Mutembei, aliyefanya kazi ya kusindikiza wageni kuwinda, na tajiri wake alikuwa na kabati zima la bunduki. Mutembei alituma salamu: Jumamosi nakuja na leseni ya pongo, lakini bunduki nitabeba moja tu, niambie ya risasi saizi gani. Njura, ambaye silaha kubwa aliyowahi kushika ni pampu ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, akalileta swali benchini.

Hapo ndipo alipokosea. Benchi lile lilikuwa na jibu la kila kitu.

— Tuu-tuu, akasema Kalamu, akitaja ile bunduki ndogo kuliko zote, ya ndege na sungura; namba ikikua, na risasi inakua.

Kalamu kwa mama yake aliitwa Gichovi, lakini tangu apate kazi ya kupima majani chai alishinda na kalamu mfukoni, na hakuna aliyewahi kuiona ikiandika.

— Pongo ni mnyama mpole, wee Njura. Risasi kubwa ya nini? Tuu-tuu inaingia kama sindano ya daktari. Anajisikia vibaya, anaenda kulala.

— Kulala wapi?

— Kwao. Msituni.

— Na kesho?

— Kesho amepona. Lakini ameshajifunza.

Njura akaitazama kahawa yake. Kando yake alikaa Kathuri fundi wa baiskeli, tuliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Redio akaeleza kwamba shida ya huku juu si mnyama, ni baridi. Risasi ikitoka kwenye mtutu inakutana na ukungu, inasinyaa. Waliozipima hizo namba walizipimia huko chini kwenye joto.

— Ukisema thri-o-thri, ikifika Kibugu imekuwa tuu-tuu. Wewe agiza thri-seventi-faivu, isinyae njiani, ikimfikia pongo ni thri-o-thri kamili.

Hilo lilimwingia Njura, maana hata viatu vyake vilisinyaa baridi ikizidi. Lakini hakutaka kukata shauri kabla Sajini hajasema.

Sajini, jina lake la kanisani na la nyumbani ni Njoka tu, alikuwa jirani yake Njura, mpaka kwa mpaka. Alipigana Bama, kwenye ile vita ya Wazungu na Wajapani. Wengine walisema alipika Bama, ila hawakusema akiwa karibu. Ndiye aliyegundua kwamba mwizi ni pongo: alimwonyesha Njura alama za kwato kwenye udongo, akamtajia hata umri wake. Wiki hiyo alikuwa mtu mkubwa benchini, kwa sababu alimletea Teresia maharagwe mabichi mazuri ya githeri, kutoka kwa dada yake, na Teresia alimjazia kikombe bila kuulizwa.

— Foo-fifti-eiti, akasema Sajini.

— Hiyo si ya ndovu? Kalamu akauliza.

— Pongo aliyekula maharagwe ya mtu hivyo si pongo tena. Amenenepa. Ngozi imekuwa lami.

— Lakini Sajini, hiyo haitaacha kitu. Itabaki pembe.

— Kwani Njura anataka pongo, ama anataka maharagwe?

Tukaona hapo kuna akili. Sajini akaendelea: kwa foo-fifti-eiti hata huna haja ya kumlenga mnyama, unapiga kando, upepo wake unamwangusha. Redio akashauri risasi ipakwe mafuta ya kondoo isishike baridi. Kalamu akapiga hesabu kwenye kiganja, akaona bunduki hiyo itamrusha Njura hadi kwenye chai ya watu, kwa hivyo afungwe kwenye mti wa mukima kwa kamba ya ng'ombe kabla ya kufyatua. Njura alijiona amefungwa kwenye mti, Wanjira anamtazama. Hata hivyo akakubali. Heri kufungwa kuliko kuachwa.

Alikuwa ameshasimama kumtafuta dereva wa lori amtumie Mutembei salamu, Wanjira mwenyewe akatokea, kiondo mgongoni, na mkononi kitita cha maharagwe kilichofungwa kwa ganda la mgomba.

— Hamjambo wazee. Mmempatia bunduki yake?

— Foo-fifti-eiti, Njura akajibu, akijaribu kuonekana mrefu.

— Ni kubwa?

— Ni ya ndovu.

Wanjira akakiweka kitita juu ya benchi. Alisema amekiokota asubuhi kwenye ua, upande wa chini, kama kilichomponyoka mtu akiruka. Akachomoa mche mmoja, akatuonyesha mizizi. Ilikuwa myeupe.

— Mimi nauliza tu, Baba Rwamba, akamwambia mumewe. Pongo huuma majani. Huyu ameng'oa na mizizi, akakung'uta udongo kwenye kisigino kama mimi nikivuna, akafunga mzigo. Sasa hiyo bunduki mmepimia mnyama gani?

Mwiko wa Teresia ulisimama juu ya sufuria ya githeri. Aliangalia ndani ya sufuria, halafu akamwangalia Sajini.

— Foo-fifti-eiti ni kubwa, Sajini akasema.

Sote tukamgeukia.

— Hata thri-seventi-faivu. Thri-o-thri inatosha, akaendelea.

Njura alikuwa ameinama, anatazama viatu vya Sajini. Kisigino cha kulia kilikuwa na udongo mwekundu, umegandamana kama keki.

— Tuu-tuu basi, akasema Sajini, na sauti nayo ikawa tuu-tuu. — Na hata hiyo, mtu apige juu. Mnyama naye ni kiumbe.

Teresia akamnyang'anya kikombe kikiwa nusu, akakimwaga chini.

Jumamosi Mutembei akaja na thri-o-thri. Njura akaitia begani, akapita mbele ya benchi polepole, akarudi, akapita tena, akashuka mpaka kwenye ua wa Sajini akasimama hapo hadi jua likazama. Hakufyatua. Maharagwe hayakuguswa tena, na Wanjira hakufunga nguo.

Yote haya niliyaona kwa macho. Kitu kimoja tu nimetia mwenyewe, ile thri-o-thri: Jumamosi hiyo Mutembei hakufika, mvua ilikata barabara. Kile alichotia Njura begani ni mpini wa jembe. Na kwa pongo yule, ndiyo iliyokuwa saizi yake.